Ukae Jukwaa Lipi Kwa Mkapa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wiki ya dabi ya Simba na Yanga ikifika, simu yangu inageuka dirisha la tiketi. Shemeji anauliza, jirani anauliza, hata mtu niliyesoma naye darasa la tano na hatujaongea miaka kumi na mbili naye anaibuka: "Kaka mambo, eti nikate ya wapi?" Nimechoka kuandika jibu lile lile kwa vidole viwili, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mengi yanahusu Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, Dar es Salaam, kwa sababu ndio ninaoujua kwa miguu yangu. Viwanja vingine nimevigusa mwishoni.

Sijawahi kuingia Kwa Mkapa. Nipe jibu fupi: nikae wapi?

Kata Orange, yaani tiketi ya viti vya rangi ya chungwa, tafuta upande mrefu wa uwanja, sogea karibu na mstari wa katikati kadiri utakavyopata nafasi, kisha panda juu. Kama mfukoni kuna hela ya mzunguko tu, ile tiketi ya bei ya chini, kata mzunguko na uwahi, ila ukishaingia usikimbilie chini. Panda. Sehemu kubwa ya ukurasa huu ni maelezo ya neno hilo moja.

Kwa Mkapa, Taifa, Lupaso: ni viwanja vitatu?

Ni mmoja. Ulipofunguliwa 2007 uliitwa Uwanja wa Taifa, na watu wazima wengi hawajaliacha jina hilo. Mwaka 2020, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki, ukapewa jina lake. Yeye alikuwa mtu wa Lupaso, Masasi, mkoani Mtwara, ndiyo maana watangazaji wakichangamka utasikia "dimba la Lupaso". Usipande basi la Mtwara.

Mwambie bodaboda "Kwa Mkapa" au "Taifa", atakufikisha. Ila ukimwambia "Uhuru" atakushusha uwanja wa jirani, ule wa zamani ambao wenyeji wanauita Shamba la Bibi. Viwanja hivi viwili vimepakana, kwa hiyo ukikosea hutatembea sana. Utapoteza muda na kuchekwa kidogo.

Mzunguko, Orange, VIP C, VIP B, VIP A. Tofauti yake ni nini hasa?

Majina mengine yametoka kwenye rangi za viti. Mzunguko ndio sehemu kubwa kuliko zote na ndiyo inayobeba umma. Zamani tiketi zilikuwa zinaandikwa kabisa "viti vya kijani" na "viti vya bluu". Orange ni viti vya rangi ya chungwa, hatua moja juu ya mzunguko kwa bei. VIP ziko tatu, na VIP A ndiyo kilele, kwa viongozi, wageni na wenye nazo.

Bei hupangwa kwa kila mechi. Dabi kwa miaka kadhaa imekuwa ikianzia Sh 5,000 mzunguko na Sh 10,000 Orange, halafu VIP zinapanda hadi makumi ya elfu. Mechi ndogo ya ligi inaweza kuwa chini ya hapo, na mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika klabu hujipangia yenyewe. Angalia tangazo la mechi yako, usiangalie la mwaka jana lililosambazwa upya kwenye kundi la familia.

Kitu kimoja ambacho tangazo halitakuambia: ndani ya eneo moja, kwa bei ile ile, kuna siti nzuri na siti mbaya. Elfu tano yako inaweza kukuweka mahali unapoona mchezo wote, na elfu tano hiyo hiyo inaweza kukuweka nyuma ya bendera ya ukubwa wa hema. Kinachoamua ni muda uliofika na njia uliyoshika baada ya geti.

Siti za mbele kabisa si ndizo nzuri? Nataka kuwaona wachezaji kwa karibu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nilipotea. Mechi yangu kubwa ya kwanza niliingia saa sita mchana, uwanja mtupu, nikashuka ngazi mbio mpaka mstari wa kwanza nyuma ya goli, nikakaa kama bwana harusi. Dakika tisini zile nilizitumia kutazama mgongo wa askari mmoja mwenye mabega mapana, bango la matangazo, na miguu ya kipa. Goli lililofungwa upande wa pili nililijua kwa kelele.

Sababu ni njia ya mbio. Kwa Mkapa haukujengwa kwa mpira peke yake. Umezungukwa na uwanja wa riadha. Piga hesabu mwenyewe. Njia ya mbio ya kawaida ina mistari minane, kila mmoja mita 1.22. Ukiweka katikati yake uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, pembeni zinabaki kama mita 12 kutoka mstari wa pembeni hadi ukingo wa nje wa njia ya mbio. Hiyo inavumilika. Lakini nyuma ya goli njia ile inakata nusu duara kubwa, na hapo zinabaki kama mita 36. Hiyo ni kabla hujahesabu mabango, wapiga picha, askari na watoto wa kuokota mipira.

Kwa hiyo "mbele" ya nyuma ya goli ni mbele kwa jina tu. Uko mita 36 kutoka goli la karibu na zaidi ya mita 140 kutoka goli la mbali, na macho yako yako chini karibu sawa na nyasi. Ukiwa chini hivyo wachezaji wote wanapangana kama nguo kwenye kamba moja: huoni nani yuko mbele ya nani. Mpira ukipigwa upande wa pili utaona mguu unatupwa, halafu karibu nusu sekunde baadaye ndipo "pu!" inakufikia sikioni. Mara ya kwanza nilidhani ni masikio yangu.

Sasa linganisha na mtu aliyekaa katikati ya upande mrefu. Kila goli liko mbali naye kati ya mita 70 na 90 hivi, kutegemea amepanda kiasi gani. Hana goli la karibu sana, lakini hana goli la kusimuliwa.

Kwa hiyo juu ni bora kuliko chini, siku zote?

Kwa kuutazama mchezo, ndiyo, Kwa Mkapa. Ukiwa juu unaona beki wa kulia amepanda na kuacha shimo, unaona kiungo anavyogeuza shingo kabla mpira haujamfikia, unaona mstari wa mabeki ulivyonyooka au ulivyopinda. Lile swali la "alikuwa ameotea au hakuotea?" linalogombanisha watu mpaka kwenye daladala, mtu wa juu karibu na usawa wa eneo la penalti huwa na jibu. Mtu wa chini huwa na hasira tu.

Unachopoteza ni sura. Kutoka juu hutamwona mchezaji akikunja uso, na jina la mgongoni hutalisoma. Utamtambua kwa mwendo: huyu anakimbia kifua mbele, yule anaburuta mguu. Baada ya mechi tatu nne utawajua hata kama wangevaa kanzu.

Tahadhari moja. Ngazi za juu zina mwinuko. Kama urefu unakupa kizunguzungu, au magoti yanalalamika, kaa jukwaa la chini lakini mistari ya nyuma yake, si ile ya mbele. Utapata sehemu nzuri ya faida ya kupanda bila ngazi zote zile.

Nyuma ya goli nataka kwa ajili ya magoli. Kuna ubaya?

Hakuna ubaya, ni bahati nasibu. Kabla ya mechi mwamuzi anarusha sarafu, na nahodha anayeshinda anaweza kuchagua lango la kushambulia kipindi cha kwanza. Wewe umeshakaa tangu saa nane, huna kura.

Nina mjomba wangu, Yanga wa kuzaliwa, ambaye hadi leo ukitaka kumharibia siku mtajie tarehe 20 Oktoba 2013. Siku hiyo alikaa nyuma ya goli kwa mahesabu: timu yake ingelishambulia goli hilo kipindi cha pili, na yeye anapenda magoli ya kumalizia kazi. Kipindi cha kwanza Yanga ikafunga matatu, yote upande wa pili. Mjomba hakujali, akasema yanakuja mengine, sasa yatakuwa hapa miguuni kwangu. Timu zikabadilishana malango. Simba ikafunga matatu. Wapi? Kule kule, upande wa pili. Mechi ikaisha 3-3 na magoli yote sita yakaingia lango moja, mita mia na arobaini kutoka kwenye macho ya mjomba. Alilipa kiingilio kamili akaangalia goli tupu.

Waliokaa nyuma ya lango lile jingine bila shaka wanasimulia hadithi tofauti kabisa kwa wajukuu zao.

Kama unakwenda nyuma ya goli, nenda kwa sababu ya watu wake: ngoma, matarumbeta, nyimbo, mtu unayekutana naye mara ya kwanza akikukumbatia kama mlizaliwa tumbo moja. Huko ndiko mzuka unakoanzia, na hakuna VIP inayouuza.

Siku ya dabi upande wa Simba ni upi na wa Yanga ni upi? Nikikosea itakuwaje?

Huwezi kukosea ukiwa na macho. Rangi zinaanza kujigawa barabarani kabla hujaona uwanja: nyekundu na nyeupe wa Simba wanakwenda kwao, kijani na njano wa Yanga wanakwenda kwao. Fuata rangi yako, na geti lililoandikwa kwenye tiketi.

Ukiingia upande usio wako ukiwa na jezi ya timu yako, siku nyingi kitakachokupata ni maneno. Hawa ni watani wa jadi, Yanga ya Jangwani na Simba ya Msimbazi, na utani wao ni wa kimtaa: watakuita majina, watakuimbia, watakuomba uwanunulie maji. Lakini timu yao ikiwa inafungwa, utani unapungua ladha haraka. Wewe na jezi yako mtakuwa ndio kitu pekee cha karibu cha kukasirikia. Vaa shati la kawaida, au nenda kwa wenzako.

Kama mko mchanganyiko, mume huku na mke kule, au marafiki wa kazini wa timu zote mbili, kaeni Orange ya katikati au VIP. Huko rangi zimechanganyika na watu wamezoea kukaa na adui. Nimeona bibi na bwana wakiwa wameshea mfuko mmoja wa karanga tarehe 5 Novemba 2023, siku ile Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Hadi goli la tatu waliendelea kushea. Baada ya hapo bwana akawa ameshiba.

Jua na mvua je?

Uwanja una paa, lakini paa halimfuati mtu wa mstari wa mbele. Jua likishuka linaingia kwa chini, na mvua ya upepo inaingia kwa pembeni. Mwenye kupanda juu anapata kivuli mapema na anakauka. Ni sababu nyingine ya kupanda.

Kwa uwanja wowote usioujua, fanya hivi: fungua ramani kwenye simu ukiwa nyumbani, tazama magharibi iko upande gani wa uwanja. Mechi zetu nyingi za mchana zinaanza saa kumi au saa kumi na moja jioni, na saa hizo jua liko magharibi, kwa hiyo aliyekaa jukwaa la magharibi linampiga mgongoni, na aliyekaa mashariki linampiga machoni mpaka linapozama. Mafundi wanalijua hilo. Viwanja vingi goli huelekezwa kaskazini na kusini ili makipa wasipofuke, na jukwaa kuu huwekwa magharibi ili wakubwa wakae kivulini. Kama umekata tiketi ya ng'ambo ya jukwaa kuu, kofia yenye ukingo itakusaidia kuliko miwani.

Mechi za saa moja usiku suala la jua halipo kabisa. Kaa popote unapoona.

Tiketi yangu ina namba ya kiti? Naweza kumshikia mwenzangu nafasi?

Kwa mzunguko na Orange, chukulia kwamba umenunua eneo, si kiti. Anayewahi ndiye anayechagua. Tiketi zenyewe ni za kielektroniki: unalipia kwa simu, unatumia kadi ya N-Card, unaigusisha getini. Kata mapema, siku mbili tatu kabla. Kununua kwa mtu anayekunong'oneza nje ya uwanja kwamba "ipo moja imebaki" ni kumchangia harusi mtu usiyemjua.

Kushika nafasi inawezekana kwa kiasi. Kofia juu ya kiti inaheshimiwa dakika tano hivi. Mfuko wa nailoni dakika mbili. Mtu mzima aliyekaa amenyoosha miguu viti viwili, labda nusu saa, kama ana uso mkavu. Uwanja ukianza kufurika, hakuna heshima ya kofia. Ingieni pamoja.

Nifike saa ngapi?

Dabi na mechi kubwa za Afrika, uwe ndani muda wa saa tatu kabla ya filimbi kama umekata mzunguko na unataka kuchagua. Orange, muda wa saa mbili kabla. VIP wanaweza kuja wakiwa wamekula na kuoga. Mechi ya kawaida ya ligi, saa moja kabla inatosha na utabaki na viti vya kulalia.

Kuwahi si kwa ajili ya siti tu. Uwanja unachukua watu wapatao 60,000, na nusu yao wanapenda kufika dakika ishirini za mwisho, wote kwenye mageti yale yale. Tarehe 28 Mei 2023, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, msongamano ulisababisha kifo cha mtu mmoja na wengine kujeruhiwa. Ukifika ukakuta watu wamebanana getini na nyuma wanaendelea kusukuma, jitoe pembeni. Dakika kumi za mpira zinasimulika. Ukitaka utaziona marudio usiku.

Na ukikaa, kabla hujafungua karanga, geuka utazame njia uliyoingilia na njia nyingine ya karibu ya kutokea. Inachukua sekunde kumi.

Nakuja na watoto. Na mama yangu ana miaka sabini na mbili.

Mtoto mpeleke kwanza mechi ndogo, si dabi. Dabi mtoto wa miaka sita ataona viuno vya watu wazima. Mechi ya kawaida kaa naye Orange, mwisho wa mstari karibu na njia, kwa sababu choo hakingoji kona ipigwe. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu. Kaa mbali na spika na matarumbeta. Watoto wadogo hawapendi kelele kama tunavyodhani.

Mama, kama uwezo upo, mkatie VIP C au B. Hapa hela inanunua kitu cha kweli: ngazi chache na msukumano mdogo wa kuingia. Kama uwezo haupo, jukwaa la chini la Orange, mistari ya nyuma, na mwingie mapema kwa mwendo wake. Mshauri aje na mto mdogo. Viti vya plastiki vinaanza kuuma dakika ya sitini, na mama hatasema, atakaa kimya tu huku anakuangalia.

Mimi ni mwanamke na nitakwenda peke yangu. Kuna jukwaa la kuepuka?

Dada yangu huenda peke yake tangu chuo, na haya ni maneno yake. Epuka katikati ya mzunguko uliojaa siku ya dabi, si kwa sababu ya ubaya wa watu bali goli likiingia watu wanaangukiana na huna pa kujishika. Kaa Orange, tafuta familia au kundi lenye wanawake, kaa mstari wa nyuma yao. Wasalimie. Ukishasema "shikamoo mama" kwa mama mmoja mwenye jezi, una ulinzi wa mechi nzima na huenda ukapewa na mihogo. Kuondoka, ondoka na kundi hilo hilo hadi barabarani.

VIP inalipa kweli?

Inategemea unanunua nini. Kama unanunua macho, hapana: mtu aliyepanda Orange katikati anaona mechi sawa na wewe, pengine zaidi, kwa sehemu ndogo ya hela yako. Kama unanunua utulivu, geti jepesi, na nafasi ya kuongea na mteja wako bila kupigiwa vuvuzela sikioni, basi inalipa. VIP watu wanakaa. Ukiruka kwa goli unageuka kutazama kama kuna anayekuona.

Nikupe na siri isiyo siri. Kamera kuu ya runinga kwa kawaida hukaa upande wa jukwaa kuu, ikitazama ng'ambo. Kwa hiyo wanaoonekana nyumbani ni wa ng'ambo, sio wa VIP. Kama umemwambia bosi unaumwa, fikiria jambo hilo kabla ya kukata tiketi.

Aliye mbele yangu amesimama muda wote. Nifanye nini?

Mzunguko, simama na wewe. Hilo ni jukwaa la kusimama lenye viti. Orange na VIP unaweza kusema "kaka, samahani, tukae kidogo" na mara nyingi atakaa, mpaka kona inayofuata. Usimvute shati. Bendera kubwa na mabango hukaa zaidi mistari ya chini na nyuma ya magoli, ukipanda umezikwepa.

Chakula, maji, choo?

Kula kabla. Chupa mara nyingi huzuiwa getini, kwa hiyo usinunue maji ya lita moja na nusu nje ukaishia kumwachia askari. Ndani kuna wauzaji wanaozunguka. Choo nenda dakika ya arobaini, sio mapumziko.

Viwanja vingine ushauri ni huo huo?

Hapana, na hapa watu wa Kwa Mkapa hukosea. Azam Complex ya Chamazi haina njia ya mbio na inachukua watu kama 10,000. Pale mstari wa mbele ni mstari wa mbele kweli: utasikia kipa anavyowapangia mabeki, utasikia kiatu kikigonga kiatu. Pale nenda chini, nenda nyuma ya goli, furahi. KMC Complex ya Mwenge vivyo hivyo. Ni uwanja wa kuwa karibu.

New Amaan ya Zanzibar, uliofunguliwa upya mwishoni mwa 2023, unachukua watu kama 15,000, ndio uliopokea marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco tarehe 25 Mei 2025. Kwa udogo wake siti mbaya ni chache. Tatizo la Amaan ni tiketi na boti, sio jukwaa. Kama mechi ni usiku, usipange kurudi Dar usiku huo huo.

Mikoani, viwanja vingi vina jukwaa kuu moja lenye paa na sehemu kubwa ya wazi. Swali pale ni moja tu: una kofia? Kama huna, lipia jukwaa kuu.

AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Nikienda Kasarani nikae wapi?

Kasarani, ule wa Nairobi, ni ndugu wa Kwa Mkapa: mkubwa, na una njia ya mbio. Hesabu za mita 36 zinakuhusu huko pia, na Nyayo, uwanja mwingine wa Nairobi, vivyo hivyo. Upande mrefu, juu. Tofauti ni kwamba mashindano ya namna hii tiketi huja na utaratibu mkali zaidi. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyofunguliwa Kwa Mkapa na kufungwa Kasarani, waliopata shida zaidi ni wale waliozoea kununua mlangoni. Kama tiketi yako itakuja na namba ya kiti, basi kazi ya kuchagua unaifanya siku ya kununua: fungua mchoro wa uwanja, tafuta mstari wa katikati, na usivutiwe na "safu ya 1".

Na wewe mwenyewe unakaa wapi?

Orange, juu, hatua chache kutoka mstari wa katikati. Timu yangu siitaji hapa, nina wateja pande zote. Kushoto kwangu hukaa mzee mmoja wa Keko mwenye redio ndogo ya betri; mpira ukigonga watu watatu ukatoka, tunanyamaza redio ituambie nani kagusa wa mwisho, halafu tunaikatalia. Ukipita ukakuta kiti cha kulia kwake kina kofia ya kijivu, ni yangu. Nipe dakika tano, nimeenda chooni.